Haraka au Sahihi? Malumbano ya Watu Watatu Juu ya Determinanti

Hoja iliyo mezani: programu ya kompyuta ikiulizwa determinanti ya matriksi, ijibu haraka au ijibu sahihi? Wasemaji ni watatu. Mhandisi ni kijana anayekokotoa mitetemo ya madaraja, na maisha yake yote ni desimali. Mwalimu ni mama aliyemfundisha kijana huyo aljebra, na hadi leo humwita mwanangu hata mbele za watu. Mtakwimu ni dada mkimya aliyekuja akiwa na shaka kwamba wenzake wanagombea kitu wasichokihitaji. Sauti nimezitunga mimi, ila hoja zenyewe ni za fani. Nikiona mtu anapindisha mambo, nitaingilia.

MWALIMU: Chukua namba 1 hadi 9, uzipange katika safu mlalo tatu: 1, 2, 3, halafu 4, 5, 6, halafu 7, 8, 9. Jumlisha safu ya kwanza na ya tatu, utapata mara mbili ya ile ya kati. Kwa hiyo safu hizi hazijitegemei, na determinanti ni sifuri, bila kukadiria. Sasa iulize MATLAB. Itakujibu 6.6613 × 10⁻¹⁶. Mwanangu, hiyo ndiyo sifuri niliyokufundisha?

MHANDISI: Shikamoo kwanza, Mwalimu. Hiyo inatosha kuwa sifuri kwa mtu anayejenga daraja, na naomba nieleze ilikotoka, maana watu hudhani ni uzembe wa programu. Kompyuta haianzi na ile 1. Inatafuta namba kubwa kuliko zote katika safu wima ya kwanza, yaani 7, na kuifanya egemeo. Inafanya hivyo ili vizidisho vyake visipite 1, makosa yasije yakakuzwa njiani. Kisha inaondoa: safu ya 1, 2, 3 inapunguzwa 1/7 ya safu ya 7, 8, 9, na safu ya 4, 5, 6 inapunguzwa 4/7 yake. Lakini 1/7 haiandikiki kikamilifu kwa biti 53, kama isivyoandikika kwa desimali zinazokoma. Egemeo la kwanza ni 7, la pili ni 6/7, la tatu lilipaswa kuwa 0 ila imebaki chembe ya 2⁻⁵³, yaani 1.11 × 10⁻¹⁶. Zidisha yote matatu: 7 mara 6/7 ni 6, na 6 mara chembe hiyo ndiyo 6.66 × 10⁻¹⁶ yako. Hakuna muujiza hapo, na hakuna uongo.

MWALIMU: Uongo upo. Umeulizwa kama matriksi ina kinyume, na jibu lako linasema inacho.

Hapa naingilia, kwa sababu msomaji aliyepitia determinanti shuleni atashangaa kwa nini hakuna anayetaja njia aliyofundishwa: kuchukua kila elementi ya safu ya kwanza, kufunika safu yake mlalo na safu yake wima, kutafuta determinanti ndogo iliyobaki, kubadilisha alama zamu kwa zamu. Njia hiyo huitwa ya Laplace, kwa maandishi yake ya 1772. Kwa matriksi ya 3 kwa 3 inatoa vipande 6, kwa 4 kwa 4 vipande 24. Kwa 20 kwa 20 vinakuwa 2,432,902,008,176,640,000, na kompyuta inayomaliza vipande bilioni moja kila sekunde itahitaji miaka 77. Njia ya kuondoa anayoitumia Mhandisi, ambayo Wazungu waliipa jina la Gauss ingawa Wachina walikuwa wakiitumia kutatua milinganyo karne nyingi kabla yake, inamaliza kazi hiyo hiyo kwa kuzidisha na kugawa kusikofika mara 3,000. Wasemaji wote watatu wanaidharau njia ya Laplace. Dharau hiyo itawarudia.

MHANDISI: Mwalimu anataka jibu kamili. Sawa, atumie sehemu badala ya desimali, aone. Kila hatua itabidi arahisishe kila sehemu, atafute KKS ya namba za juu na za chini, na namba zenyewe zinazidi kurefuka. Mimi matriksi ya 1,000 kwa 1,000 naimaliza chini ya sekunde moja kwenye kompyuta ya mapajani. Kuzidisha kama milioni 333, basi.

MWALIMU: Nani amesema natumia sehemu? Leta karatasi. Matriksi yangu ina safu 2, 3, 1; kisha 4, 1, 5; kisha 3, 2, 7. Nazidisha kimsalaba bila kugawa. Mahali pa ile 1 ya katikati naweka 2 mara 1 kutoa 4 mara 3, yaani −10. Mahali pa 5 naweka 2 mara 5 kutoa 4 mara 1, yaani 6. Mahali pa 2 ya safu ya tatu naweka 2 mara 2 kutoa 3 mara 3, yaani −5. Mahali pa 7 naweka 2 mara 7 kutoa 3 mara 1, yaani 11. Nimebaki na nne tu: −10 na 6 juu, −5 na 11 chini. Narudia: −10 mara 11 kutoa −5 mara 6. Hiyo ni −80.

MHANDISI: Na determinanti ni −40. Umepata mara mbili yake.

MWALIMU: Mara mbili kwa sababu egemeo langu la kwanza lilikuwa 2. Nagawa kwa 2, napata −40. Hapo ndipo penye utamu, mwanangu: mgawanyo huo hauachi baki kamwe. Matriksi iwe kubwa kiasi gani, kuanzia hatua ya pili kila namba mpya inagawanyika kikamilifu kwa egemeo la hatua iliyotangulia. Siri yake imo katika utambulisho wa Sylvester, na Erwin Bareiss aliueleza utaratibu mzima katika makala yake ya 1968. Naingia na namba kamili, natoka na namba kamili, sehemu haigusi karatasi yangu.

MHANDISI: Kugawa huko kunakupunguzia nini hasa? Ungeacha ukazidisha tu hadi mwisho, kisha ukasafisha.

MWALIMU: Bila kugawa, kila hatua urefu wa namba unakuwa maradufu. Anza na tarakimu moja, fanya hatua 19, utafika kwenye tarakimu zaidi ya laki tano kwa kila elementi. Ukigawa, kila namba iliyo kwenye karatasi ni determinanti ya kipande cha matriksi yako ya mwanzo, haiwezi kuwa ndefu zaidi ya hapo. Jacques Hadamard alitoa kikomo chake 1893: determinanti haizidi zao la urefu wa safu zake mlalo, urefu ule wa Pythagoras. Matriksi ya 20 kwa 20 yenye namba zisizozidi 9 haiwezi kutoa determinanti ya zaidi ya tarakimu 33. Laki tano dhidi ya 33, uamuzi ni wako.

Nakatiza kidogo kwa ajili ya jambo ninalolipenda. Njia inayokaribiana sana na ya Bareiss, ya kuibana matriksi hatua kwa hatua kwa determinanti za 2 kwa 2 na kugawa kwa namba za hatua iliyopita, iliwasilishwa Royal Society ya London mwaka 1866 na mwalimu wa hesabu wa Oxford aliyeitwa Charles Dodgson. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechapisha hadithi ya msichana Alice kwa jina la Lewis Carroll. Njia yake ina kasoro: sifuri ikitokea katikati, inakwama na inabidi upange safu upya. Ila kwa karatasi na kalamu haina mfano.

Turudi. Mwalimu alisema namba hazizidi tarakimu 33, na Mhandisi hakumjibu. Angeweza kumjibu hivi: kompyuta huzidisha namba ya biti 64 kwa pigo moja la chombo chake, na namba ya tarakimu 33 haiingii humo. Inabidi ikatwe vipande, na kila kuzidisha kunakuwa kazi ndogo ya programu nzima. Kuhesabu hatua peke yake kunapotosha. Hatua n³ za Mhandisi, n ikiwa idadi ya safu za matriksi, zote zina bei moja. Hatua n³ za Mwalimu zinapanda bei kadiri anavyosonga, na sidhani vitabu vya utangulizi vinalisema jambo hili kwa sauti ya kutosha.

MWALIMU: Nimelisikia hilo, na dawa yake ipo. Sihesabu determinanti yenyewe, nahesabu mabaki yake. Chukua matriksi yangu ile ya −40. Fanya kazi yote kwa mabaki ya 7: namba ikizidi 6, toa saba saba. Kugawa kunawezekana, maana 7 ni namba tasa. Kugawa kwa 2, kwa mfano, ni kuzidisha kwa 4, kwa kuwa 2 mara 4 ni 8, na 8 huacha 1. Natumia njia ile ile ya kuondoa ya mwanangu, napata baki 2. Narudia kwa 11, napata 4. Narudia kwa 13, napata 12. Kati ya 0 na 1,000 kuna namba moja tu inayoacha mabaki hayo matatu, nayo ni 961.

MTAKWIMU: Lakini jibu ni −40.

MWALIMU: Hadamard anasema jibu langu halipiti 190, liwe chanya au hasi, basi 961 haiwezekani. Natoa 7 mara 11 mara 13, yaani 1,001. Imebaki −40. Kwa ile ya 20 kwa 20, namba tasa nne zilizo karibu na 2³¹ zinatosha, na kila moja naikokotoa kwa namba za kawaida za kompyuta, bila kukadiria na bila namba kurefuka. Ukiwa na kompyuta nne, kila moja ichukue yake. Maktaba ya FLINT inachagua kwa ukubwa: matriksi ndogo sana inapanuliwa moja kwa moja, ya wastani inapewa Bareiss, kubwa inapelekwa kwenye mabaki.

MTAKWIMU: Naomba niulize swali la kishamba. Determinanti mnaitakia nini?

MHANDISI: Kujua kama matriksi ina kinyume.

MTAKWIMU: Basi mnapima kwa kipimo kisichofaa, nanyi mnalijua. Weka 0.1 kwenye ulalo mkuu wa matriksi ya 400 kwa 400, kwingine kote sifuri. Hakuna matriksi tulivu kuliko hiyo, kinyume chake ni 10 kwenye ulalo. Determinanti yake ni 10⁻⁴⁰⁰. Namba ndogo kabisa ambayo desimali za biti 64 zinaweza kuishika ni karibu 4.9 × 10⁻³²⁴, kwa hiyo kaka yangu hapa anapewa sifuri tupu na kuambiwa matriksi haina kinyume. Halafu chukua ya 2 kwa 2: juu 1 na 10⁸, chini 0 na 1. Determinanti ni 1, nzuri kabisa kwa macho. Ile 0 ibadilishe iwe 10⁻⁸, sehemu moja ya milioni mia, na determinanti inakuwa sifuri. Udogo wa determinanti hausemi chochote kuhusu ukaribu wa hatari.

MHANDISI: Hilo siwezi kulipinga, dada. Ndiyo maana kazini natazama uwiano wa thamani za umoja, kubwa kwa ndogo. Determinanti siigusi.

MTAKWIMU: Mimi naigusa, tena kila siku. Mgawanyo wa kawaida wa vigeu vingi una determinanti ya matriksi ya kovariansi ndani yake. Ila sihitaji determinanti, nahitaji logarithimu yake. Matriksi yangu ni linganifu na chanya, kwa hiyo natumia njia ya Cholesky, yule afisa wa jeshi la Ufaransa aliyeuawa vitani 1918 kabla njia yake haijachapishwa. Inakula karibu nusu ya kazi ya kuondoa kwa kawaida, halafu najumlisha logarithimu za ulalo na kuzidisha kwa 2. Maelfu ya namba ndogo hujumlishwa bila kuzama kwenye sifuri. NumPy ina amri ya slogdet kwa matriksi zisizo chanya: inakurudishia alama upande mmoja, logarithimu upande wa pili. Anayeandika det halafu log juu yake anajitafutia sifuri.

Kwa maoni yangu dada huyu alikuwa ameumaliza mjadala upande wa desimali, na Mhandisi alinyamaza kwa sababu nzuri. Lakini Mwalimu hakukubali jambo lipotee hivi hivi.

MWALIMU: Wapo wanaoihitaji determinanti yenyewe, hadi tarakimu ya mwisho. Kirchhoff alionyesha mwaka 1847, alipokuwa akichunguza mikondo ya umeme, kwamba idadi ya njia za kuunganisha vituo vyote vya mtandao bila kufunga mzunguko ni determinanti ya matriksi ya mtandao huo, ukiondoa safu mlalo moja na safu wima moja. Vituo tisa vilivyopangwa kama gridi ya 3 kwa 3, kila kimoja kikiungana na jirani zake, vina njia 192. Vituo 16 vina 100,352. Vituo 25 vina 557,568,000. Ukifika vituo 64, 8 kwa 8, idadi ina tarakimu 27. Desimali za mwanangu zinashika namba kamili zote hadi 9,007,199,254,740,992 tu, tarakimu 16. Zile 11 za mwisho ametoa wapi?

MHANDISI: Nani anazihitaji?

MWALIMU: Anayetaka kujua kama idadi inagawanyika kwa 3. Anayetofautisha mafundo mawili ya kamba kwa determinanti zao. Anayethibitisha theoremu. Si kila mtu anajenga daraja.

MHANDISI: Basi tukubaliane. Namba kamili ni zako, desimali ni zangu, na kote tunaondoa. Njia ya Laplace tumeizika.

Hapo ndipo Mtakwimu, ambaye sikumtegemea, alipolifukua kaburi.

MTAKWIMU: Na kama ndani ya matriksi kuna herufi?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Matriksi ya 10 kwa 10 iliyojaa herufi tofauti mia moja ina determinanti yenye vipande 3,628,800, na hakuna ujanja utakaovipunguza ukitaka jibu lililofunguliwa lote, kwa sababu hilo ndilo jibu. Lakini mara nyingi matriksi za herufi zimejaa sifuri, na jibu lenyewe ni fupi. Tatizo linakuwa njia ya kulifikia. Ukiondoa kwa njia ya Bareiss, unazidisha polinomia mbili kubwa kimsalaba, zinaumuka kama unga wa maandazi, halafu unagawa na kurudi kwenye kitu kidogo. Kumbukumbu ya kompyuta imeshajaa kabla hujafika kwenye kugawa.

W. M. Gentleman na S. C. Johnson walilichambua suala hili katika makala ya 1976 kuhusu matriksi zenye polinomia. Walionyesha kwamba polinomia zikiwa na vigeu vingi na vipande vichache, kupanua kwa determinanti ndogo kunaweza kuishinda njia ya kuondoa. Laplace huyo huyo! Isipokuwa kwa busara moja: determinanti ndogo ukishaipata, ihifadhi, kwa maana itahitajika tena. Anza chini, tafuta zote za 2 kwa 2 katika safu mbili za mwisho, kwa hizo jenga za 3 kwa 3, panda hivyo hivyo. Miaka 77 ya 20 kwa 20 inageuka kuwa kuzidisha kusikopita mara 10,485,760. Bado ni kwingi kuliko 3,000 za Gauss, ila hakuna kinachoumuka bure, na sifuri zinakata matawi mazima.

MHANDISI: Kwa hiyo umri wa mbinu si hoja.

MWALIMU: Si hoja. Na kuna ugonjwa mbaya zaidi wa herufi ambao njia yako ya kuondoa haina kinga nao. Wewe lazima ujue egemeo lako si sifuri. Kwa namba unatazama tu. Sasa nakupa egemeo ambalo ni sin²x + cos²x − 1.

MHANDISI: Hiyo ni sifuri.

MWALIMU: Wewe unaijua. Programu isipoirahisisha kwanza, inaona maneno matatu yasiyofanana, inagawa kwayo, na inakupa jibu refu lililopangwa vizuri ambalo halina maana yoyote. Wala usidhani ni uvivu wa waandishi wa programu. Daniel Richardson alithibitisha 1968 kwamba hakuna utaratibu wa kompyuta unaoweza kuamua, kwa kila usemi wa aina hizi, kama ni sifuri au la. Ndiyo maana SymPy, ukiiomba determinanti, inakuruhusu kuchagua Bareiss, au LU, au berkowitz. Stuart Berkowitz alichapisha njia yake 1984 juu ya wazo la Paul Samuelson, mchumi yule aliyepata Tuzo ya Nobel 1970, nayo haigawi popote. Inajumlisha, inatoa, inazidisha. Haiulizi kama kitu ni sifuri kwa sababu haina haja ya kujua.

MHANDISI: Kwa bei gani?

MWALIMU: Karibu n⁴ badala ya n³.

MHANDISI: Ghali.

MTAKWIMU: Unaweza kuijaribu bahati kabla ya kulipa. Weka namba za kubahatisha mahali pa herufi na ukokotoe. Ukipata kitu kisicho sifuri, egemeo ni salama.

MWALIMU: Kwa polinomia, ndiyo, tena ufanye kwa mabaki ya namba tasa kubwa ili kusiwe na chembe za kukadiria. Ukipata sifuri mara kadhaa mfululizo, uwezekano kwamba umedanganyika ni mdogo mno. Lakini sine na kosine haziingii kwenye mabaki, labda kwanza uipe kila moja herufi yake na uikumbushe programu uhusiano wa herufi hizo.

MHANDISI: Basi polinomia nitazipima hivyo, kisha niondoe. Zenye sine nitampa Berkowitz, nikapike chai wakati inakokotoa.